Daktari katoboa utumbo, kaushona papo hapo: je, ushonaji unadaiwa?

KalamuNyekundu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Nina miezi minane tu kwenye kazi ya kusimba madai ya hospitali za Marekani, yaani kugeuza ripoti za madaktari kuwa misimbo ya kudai malipo, na leo nimekwama, naomba wazoefu mnisogeze.

Ripoti niliyo nayo mezani ni ya mgonjwa wa Medicare (bima ya serikali ya Marekani, hasa ya wazee) aliyeingia kutolewa mfuko wa nyongo kwa kamera. Aliwahi kupasuliwa tumbo zamani, kwa hiyo ndani makovu yamegandamanisha utumbo kila mahali. Daktari kahangaika, mwisho akaacha kamera na kufungua tumbo. Wakati anaachanisha ile migandamano, utumbo mwembamba ukatoboka. Akaushona tabaka mbili, akamaliza kutoa mfuko wa nyongo, akafunga.

Ofisi ya daktari imeleta orodha ya misimbo: 47562 ya kutoa nyongo kwa kamera, 47600 ya kutoa kwa kufungua, 44005 ya kuachanisha utumbo, na 44602 ya kushona utumbo. Msimamizi wangu kapitia akafuta mitatu, kabakiza 47600 peke yake, kisha akaniambia "kajifunze". Kamera na kufungua hata mimi nilijua: ukianza kwa kamera ukaishia kwa kufungua, unadai ya kufungua tu. Lakini 44602 maelezo yake yanataja kabisa jeraha la utumbo. Jeraha lipo, uzi umepita, muda umetumika. Kwa nini kazi halisi isilipwe?

MzeeWaMadai

Swali zuri, mdogo wangu, na msimamizi wako yuko sawa. Angekueleza tu badala ya kukurushia kalamu.

Kosa lako ni kusoma maelezo ya msimbo ukaishia hapo. Msimbo unakuambia kazi gani inaweza kuitwa kwa jina hilo. Haukuambii lini inalipwa. Hayo yako kwenye kanuni za NCCI, ambazo Medicare imekuwa ikizitumia tangu 1996 kuzuia kazi moja kudaiwa vipande vipande. Mwongozo wake unalitaja jambo lako bila kuzunguka: utumbo ukichanika au kutoboka kwa mkono wa daktari wakati wa upasuaji mwingine, kuushona hakudaiwi peke yake. Inataja hadi namba, 44602 mpaka 44605. Wengu nao vivyo hivyo: ukijeruhiwa ukiwa unafanya upasuaji mwingine, uushone au uutoe wote, hulipwi kando. Dura, ule utando mgumu unaofunika uti wa mgongo, ukichanika kwenye upasuaji wa mgongo, 63707 na 63709, misimbo ya kuushona, hazisogei. Damu ikitoka ukaizuia mezani, ni sehemu ya kazi.

Hoja yao ni kwamba bei ya upasuaji imepangwa kwa wastani. Kuna siku nyama inaachia yenyewe, kuna siku kila kitu kimeshikana, na bei ile ile imebeba siku zote mbili. Ukikubali kulipia kila tundu ambalo daktari kalitoboa mwenyewe akaliziba, umemlipa zaidi aliyetoboa kuliko yule ambaye hakutoboa.

Kuhusu 44005, hiyo ni ya familia ya kazi zinazodaiwa tu zikifanywa peke yake. Ukiwa tayari uko ndani ya tumbo hilo kwa kazi nyingine, imemezwa.

Kisu_Butu

Mimi ni mpasuaji, na huwa nasoma nyuzi zenu kimya kimya. Leo niseme.

Mzee, neno "katoboa mwenyewe" linaniuma. Tumbo lililopasuliwa mara tatu halina ramani. Utumbo umeshikana na ukuta wa tumbo kama karatasi iliyolowa gundi. Unakata milimita kwa milimita, na kuna mahali ambapo hakuna njia ya kuachanisha bila kuchana. Aliyepata tumbo laini akamaliza kwa dakika 40 na mimi niliyesimama saa nne tunalipwa sawa, halafu mnasema mimi nisingetoboa?

MzeeWaMadai

Daktari, shikamoo. Hatugombani, na hoja yako ina mlango wake, ila si mlango wa 44602.

Ipo modifaya 22 (modifaya ni alama ndogo inayobandikwa kwenye msimbo kueleza hali ya kazi), ya kazi iliyozidi kwa kiasi kikubwa ile ya kawaida. Migandamano mikali iliyochukua saa mbili kabla hujauona mfuko wa nyongo ndiyo hali iliyokusudiwa. Lakini 22 haijiombei yenyewe. Ripoti iseme muda gani ulitumika kwenye kuachanisha, ugumu ulikuwa wapi, na kwa nini ulizidi mgonjwa wa kawaida. Nimesoma ripoti nyingi zinazoandika "migandamano mingi, imeachanishwa kwa uangalifu" basi. Kwa sentensi hiyo mlipaji hatoi hata senti moja ya nyongeza, na mimi nikiwa mlipaji nisingetoa. Na uiombee ugumu uliomkuta mgonjwa akiwa nao. Ukijenga ombi lako juu ya tundu ulilotoboa, umewapa sababu ya kukataa yote.

BiFaili

Naongeza hapo kwa daktari, maana watu huchanganya maswali mawili.

Swali la kwanza: je, ushonaji unalipwa? Hilo limeshajibiwa.

Swali la pili: je, kutoboka kunasimbwa kama madhara ya upasuaji? Hili ni la msimbo wa utambuzi. Kwenye ICD-10-CM, orodha ya misimbo ya utambuzi, kuna K91.71, kutoboka au kuchanika kwa bahati mbaya kwa kiungo cha mfumo wa chakula wakati wa upasuaji wa mfumo huo huo. Kama upasuaji ulikuwa wa kitu kingine, mfano kizazi, ni K91.72. Mwongozo unasema wazi kwamba si kila kitu kinachotokea mezani ni madhara. Lazima maandishi ya daktari yaonyeshe uhusiano kati ya tiba na hali hiyo, na kwamba hali hiyo ina uzito kitabibu. Msimbaji hana ruhusa ya kuamua kwa kukisia. Akiona utata anamwandikia daktari kuuliza, na swali liwe wazi: "Mchaniko ulioutaja, je, ni madhara ya upasuaji, au ulikuwa sehemu isiyoepukika ya kuachanisha migandamano, au kuna maelezo mengine?" Usimlishe jibu.

Kwa hiyo, daktari, kama kweli haikuwezekana kuepuka, andika hivyo. Hapo huenda usiandikiwe K91.71. Ila 44602 haifufuki kwa sababu hiyo. Tundu bado limetokana na mkono wa upasuaji.

KalamuNyekundu

Hapa naona ndipo nilipopotea. Nilidhani daktari akiandika "haikuepukika" basi linakuwa jeraha la kawaida na linalipwa.

BiFaili

Wengi hudhani hivyo. Na kuna ofisi nilikofanya kazi zamani, siitaji, ambako ilikuwa ni mbinu kabisa: ripoti inakuja imelainishwa, neno "lilitoboka" limegeuka "palionekana tundu", kana kwamba tundu lilikuwepo likingojea daktari aje. Halafu inabandikwa modifaya 59, ya kusema kazi hii ilikuwa kando na ile. Dai linapita kwenye kompyuta. Siku wakaguzi wanapoomba ripoti yenyewe na kusoma kurasa zote, wanakuta muuguzi kaandika saa na dakika utumbo ulipotobolewa.

Mpita_Njia

"Palionekana tundu" 😂😂 kama mtu anaeleza shimo la barabarani.

FundiRufaa

Tuongeze upande wa siku za baada ya upasuaji, maana madai mengi ya madhara yanatoka huko.

Upasuaji mkubwa kwa Medicare una kifurushi: siku moja kabla, siku yenyewe, na siku 90 baada yake. Mdogo una siku 10 au sifuri. Ndani ya kifurushi, Medicare inahesabu kwamba imeshamlipa daktari kwa madhara yote yasiyohitaji kurudi thieta. Kidonda kimeingia usaha, umekifungua kitandani wodini, umekisafisha kila asubuhi wiki nzima? Hakuna dai. Kifurushi kimeshalipa.

Mgonjwa akirudi thieta bila kupangwa kwa ajili ya madhara ya upasuaji wa kwanza, unadai msimbo wa kile ulichofanya safari hii, na modifaya 78. Hapo unalipwa, ila sehemu ya kazi ya mezani tu. Maandalizi na ufuatiliaji havilipwi tena, na saa ya siku 90 haianzi upya, inaendelea kutoka upasuaji wa kwanza.

Kwa hiyo, KalamuNyekundu, mgonjwa wako huyu huyu: kama lile tundu lisingeonekana mezani, akatoka thieta, siku ya tatu tumbo likavimba, akarudishwa kushonwa, 44602 yenye 78 ingelipwa. Tundu lile lile, uzi ule ule, daktari yule yule. Kilichobadilika ni kwamba kikao cha kwanza kilikwisha alipotoka chumba cha upasuaji.

Kisu_Butu

Yaani nikiliona mapema nikaliziba nalipwa sifuri, nikiliacha mgonjwa akaumwa siku tatu nalipwa. Mnaona wenyewe.

FundiRufaa

Tunaona, daktari. Hata mimi sipendi. Sidhani kuna mpasuaji anayeacha tundu makusudi, lakini kanuni imekaa vibaya kwenye jicho la mtu wa kawaida.

Na "thieta" ina maana yake. Ni chumba kilichotengwa na kuwekewa watu na vifaa kwa ajili ya kufanyia taratibu hizo tu. Chumba cha katheta ya moyo kimo, cha leza kimo, cha endoskopi kimo. Chumba cha mgonjwa hakimo, wala chumba cha kuzindukia. Cha wagonjwa mahututi hakimo pia, isipokuwa mgonjwa ana hali mbaya kiasi kwamba hakuna muda wa kumfikisha thieta. Ukitumia mwanya huo wa mwisho, hali hiyo iandikwe siku hiyo hiyo, usije ukaikumbuka wakati wa rufaa.

Watu pia huichanganya 78 na ndugu zake. 58 ni ya hatua ya pili iliyopangwa au iliyotarajiwa, 79 ni ya upasuaji usiohusiana kabisa na wa kwanza. Hizo mbili zinalipwa kamili na zinaanzisha kifurushi kipya. Ndiyo maana vishawishi ni vingi vya kuita madhara "hatua ya pili". Kurudi kuziba nyongo inayovuja si hatua ya pili ya kitu chochote.

BiFaili

Na wasiishie kwa Medicare tu. Vitabu vya CPT vyenyewe, vya misimbo ya kazi kama hiyo 47600, vinavyotolewa na chama cha madaktari cha Marekani, vina tafsiri tofauti ya kifurushi: kinabeba ufuatiliaji wa kawaida, na madhara yanadaiwa kando. Bima binafsi zinazofuata CPT zinaweza kulipa hata ile kazi ya kufungua kidonda wodini. Nyingine zimeiga Medicare neno kwa neno. Usikisie, soma mkataba wa mlipaji huyo.

MtotoWaMama

Samahanini wakubwa, mimi si wa fani, nimeingia kwa kutafuta majibu ya mama yangu. Ana miaka 71, ana Medicare. Alifanyiwa upasuaji wa kutoa kizazi, kibofu cha mkojo kikachanwa. Daktari wa kizazi alianza kushona, akaona hapawezi, akamwita daktari wa njia ya mkojo akaja kumalizia hapo hapo mezani. Sasa bili zimekuja za wote wawili, na ya daktari wa usingizi ambayo ni ndefu. Mmesema hapo juu haulipwi ushonaji. Kwa nini sisi tunalipishwa kosa la mtu?

MzeeWaMadai

Pole sana, mwanangu, na mpe mama pole yetu. Twende bili moja moja.

Huyo daktari wa njia ya mkojo ni mtu mwingine mwenye taaluma nyingine. Hakuchana yeye, aliitwa kutibu. Anadai msimbo wake wa kushona kibofu na Medicare inamlipa. Ile kanuni ya "aliyetoboa halipwi kuziba" inamhusu aliyetoboa. (Kama angekuwa mpasuaji wa kizazi kutoka ofisi ile ile, ingekuwa hadithi nyingine, maana madaktari wa kundi moja wenye taaluma moja huhesabiwa kama mtu mmoja.) Upande wa mama, kwa Medicare sehemu B (ya malipo ya madaktari) anabeba asilimia 20 ya kiasi kilichokubaliwa, ila kama ana bima ya nyongeza huenda ikaimaliza.

Daktari wa usingizi analipwa kwa msingi wa upasuaji pamoja na muda, kila dakika 15 ni uniti moja. Kibofu kikichukua saa nzima ya ziada, saa hiyo imo kwenye bili yake na ni halali, hata yeye hakuchana kitu. Hospitali, kama mama alilazwa, inalipwa kiasi kimoja kwa kundi la ugonjwa, na kiingilio cha mama cha sehemu A (ya hospitali), yaani kiasi anachotoa mwenyewe kwanza, ni kile kile akae siku tatu au kumi.

Inayonipa wasiwasi ni ya daktari wa kizazi. Ina mistari mingapi?

MtotoWaMama

Miwili. Mmoja wa kizazi, mmoja umeandikwa kushona kibofu.

MzeeWaMadai

Ndiyo hiyo. Tafuta taarifa ya muhtasari ambayo Medicare yenyewe inamtumia mama, si karatasi ya ofisi ya daktari. Kwenye kila mstari kuna safu ya kiasi cha juu kabisa unachoweza kudaiwa. Niambie mstari wa kibofu wa daktari wa kwanza unasema nini.

FundiRufaa

Wakati anatafuta: dada, una haki pia ya kuomba nakala ya ripoti ya upasuaji. Mama asaini ombi, wana siku 30 za kuitoa. Na malalamiko kuhusu uchanaji wenyewe, kama ulikuwa uzembe au la, hayapiti kwenye dirisha la madai. Yanapelekwa kwa kitengo cha hospitali kinachoshughulikia malalamiko ya wagonjwa, au kwa mwanasheria. Msimbo wa madhara kuonekana kwenye dai si ushahidi kwamba daktari alizembea.

Mpita_Njia

Lakini nilisikia kuna makosa ambayo Medicare hailipi kabisa hata senti?

BiFaili

Yapo, ila ni machache kuliko watu wanavyofikiri.

Tangu 15 Januari 2009, upasuaji kwenye kiungo kisicho chenyewe, kwa mgonjwa asiye mwenyewe, au upasuaji usio wenyewe haulipwi, na huduma zinazoambatana nao pia. Zina modifaya zake, PA, PB na PC.

Tangu 1 Oktoba 2008 kuna orodha ya hali anazozipata mgonjwa hospitalini, mfano kifaa kilichosahaulika tumboni, damu isiyolingana, hewa kwenye mishipa, vidonda vya kulalia vya daraja la tatu na la nne. Hali hizo kama mgonjwa hakuja nazo haziruhusiwi kuipandisha hospitali kwenye kundi la malipo makubwa. Angalia lugha: haziipandishi. Upasuaji wa msingi bado unalipwa.

Kutoboa utumbo au kibofu hakumo kwenye orodha hiyo. Kunahesabiwa kwingine, kwenye vipimo vya usalama wa wagonjwa, na vipimo hivyo vinachangia alama za mpango unaokata asilimia 1 ya malipo ya Medicare kwa robo ya hospitali zenye alama mbaya zaidi. Ndiyo maana ukiandika K91.71 simu ya kwanza haitoki kwa mlipaji. Inatoka kwa watu wa ubora wa hospitali yako mwenyewe, wanaouliza kwa upole kama una uhakika.

Kisu_Butu

Kwa upole, eti. Mimi huitwa kikaoni.

KalamuNyekundu

Narudi na mrejesho. Nilimwandikia daktari swali kama BiFaili alivyosema. Kajibu kwamba mchaniko ulitokea wakati wa kuachanisha, haukukusudiwa, na anauhesabu kuwa madhara ya upasuaji. Kaongeza kwenye ripoti kwa tarehe ya leo, bila kufuta ya zamani, kwamba kuachanisha kulichukua dakika 95 kabla ya kuufikia mfuko wa nyongo. Muda huo ulikuwa tayari kwenye rekodi ya daktari wa usingizi, nimelinganisha.

Dai limekwenda: 47600 yenye 22, ripoti imeambatishwa, K91.71 kwenye utambuzi. 44602 sikuigusa.

MzeeWaMadai

Sasa jiandae kusubiri, 22 husomwa na mtu, si mashine. Wakikataa, rudi hapa tuandike rufaa.

MtotoWaMama

Mzee, nimepata ile taarifa. Mstari wa kibofu wa daktari wa kizazi: haukukubaliwa, na safu ya kiasi cha juu unachoweza kudaiwa imeandikwa sifuri. Lakini ofisi yake imetutumia bili ya mstari huo wote.

MzeeWaMadai

Usilipe. Wapigie, wasomee safu hiyo, halafu watumie nakala na barua fupi, uandike tarehe na jina la aliyepokea simu. Wakiendelea kudai, piga namba ya Medicare, 1-800-633-4227, uwaambie umedaiwa kitu ambacho taarifa yao inasema hudaiwi.

MtotoWaMama

Nimewapigia leo asubuhi. Mtu wa bili kaniweka kwenye muziki dakika 20, akarudi akasema "ulitoka kwa makosa ya mfumo", umefutwa. Ya daktari wa njia ya mkojo bima ya nyongeza imelipa asilimia 20 yote. Mama anauliza kwa nini aliyekuja kusaidia ndiye alileta bili ndogo kuliko aliyechana.